Mgodi wa Kiwira: je, kiongozi kumiliki kampuni ni kosa, au kosa huanzia mahali pengine?

Msomaji wa Tukuyu

Salaam kwenu wanajukwaa. Naomba ufafanuzi wa jambo lililotugawa mimi na wenzangu kazini. Tulikuwa tukijadili mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, ambao mwaka 2005 asilimia 70 ya hisa zake iliuzwa kwa kampuni ya Tanpower Resources, Serikali ikabaki na asilimia 30. Baadaye ilifahamika kwamba miongoni mwa wanahisa wa Tanpower ilikuwamo ANBEN, kampuni ambayo Rais Benjamin Mkapa na mkewe waliisajili mwaka 1999 akiwa bado Ikulu, na kwamba Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini wakati mgodi unauzwa, naye alitajwa kuwa na maslahi katika Tanpower.

Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba hapakuwa na ufisadi, kwa kuwa hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya Kiwira, na kiongozi naye ni raia mwenye haki ya kujitafutia riziki. Mwingine anasema kitendo chenyewe cha kiongozi kuwa na kampuni kinatosha kumtia hatiani. Naona wote wawili wamevuka mpaka, lakini nimeshindwa kuuonyesha uko wapi. Sheria yetu inasemaje?

Wakili wa Upanga

Ndugu Msomaji, mwenzako wa pili angekuwa na haki kama tungekuwa bado tunaongozwa na masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Azimio lile la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba ya kupangisha, tena lilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake ili mali isihamishiwe upande wa pili wa kitanda. Masharti hayo yalilegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM huko Zanzibar mwaka 1991. Tangu hapo kiongozi kuwa na hisa, shamba kubwa au kampuni si kosa.

Kilichokuja badala yake ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Sheria hii haimkatazi kiongozi mali. Inamtaka aitamke kwa Kamishna wa Maadili, yeye na mwenzi wake, na inamtaka asiruhusu maslahi yake binafsi yagongane na kazi ya umma. Ukiisoma pamoja na kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kinachohusu matumizi mabaya ya madaraka, utaona mpaka unaoutafuta. Kiongozi anaweza kuwa na duka, lakini akiwa ndiye anayeamua Serikali inunue wapi, na Serikali ikaenda kununua dukani kwake, hapo swali si la umiliki tena. Swali ni nani aliyekaa upande wa muuzaji na nani aliyekaa upande wa mnunuzi, na kama ni mtu yule yule.

Kwa kipimo hicho, uzito wa tuhuma za Kiwira hautokani na kuwapo kwa ANBEN. Unatokana na ukweli kwamba mgodi ulikuwa mali ya Serikali, uuzaji ulifanyika chini ya Serikali ile ile, na mnunuzi alikuwa na uhusiano na waliokuwa wakiiongoza. Zaidi ya hayo, mnunuzi hakutarajia kuuza makaa tu. Mradi ulikuwa kuzalisha megawati 200 na kuiuzia umeme TANESCO, yaani shirika la umma.

Hoja ya mwenzako wa kwanza nayo ina tundu. Ibara ya 46 ya Katiba inakataza kumshtaki Rais mstaafu kwa jambo alilolifanya akiwa Rais. Kwa hiyo kutoshtakiwa kwake hakuthibitishi kosa wala hakuthibitishi usafi. Ikiwa kununua hisa za mgodi ni jambo ambalo mtu hulifanya “kama Rais”, hilo ni swali ambalo ningependa sana kuliona likijibiwa na mahakama, na halikuwahi kufika huko.

Mhasibu Mstaafu, Morogoro

Wakili ameeleza vizuri, ila naomba nitofautiane naye mahali pamoja. Anaizungumzia Sheria ya 1995 kana kwamba kutamka mali ni kinga. Tamko hilo hujazwa kila mwisho wa mwaka na kupelekwa Sekretarieti ya Maadili, lakini mwananchi wa kawaida hawezi kulisoma bila kupitia masharti mengi, na akiruhusiwa kulisoma haruhusiwi kulitangaza. Mkapa mwenyewe alipoingia madarakani mwaka 1995 alitangaza mali zake hadharani, jambo lililomjengea heshima kubwa, na mwaka uliofuata Tume ya Jaji Warioba ikampelekea ripoti nzito kuhusu kero ya rushwa. Laiti mtindo ule wa kutangaza hadharani ungeendelea kila mwaka, ANBEN ingejulikana mwaka 1999 na si baada ya uchaguzi wa 2005.

Niongeze pia kuhusu Yona, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo. Hukumu aliyoipata Julai 2015 pamoja na Basil Mramba ilihusu msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart. Haikuhusu Kiwira hata kidogo. Tunaotuhumu tuwe waangalifu, maana tuhuma iliyopachikwa penye kesi isiyo yake humsaidia mtuhumiwa.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni wa akaunti ya Tegeta Escrow, iliyoshikilia fedha za mgogoro kati ya TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme. Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Profesa Anna Tibaijuka, alipokea Sh bilioni 1.6 kutoka kwa mmiliki wa VIP, kampuni iliyokuwa na asilimia 30 ya hisa za IPTL, akaeleza kwamba ulikuwa mchango kwa ajili ya shule. Desemba 2014 Rais Kikwete alitengua uteuzi wake, na swali lililosumbua lilikuwa kwa nini fedha za shule ziingie katika akaunti yake binafsi. Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu kwa miaka mingi, na nawaambia kwamba swali hilo moja, la jina lililo juu ya akaunti, lina thamani kuliko hotuba kumi za bungeni.

Mkaazi wa Kisauni

Wandugu, nawasoma kutoka Mombasa na kustaajabu jinsi njia zetu zilivyoachana mapema. Azimio la Arusha likiwa na umri wa miaka minne, huku Kenya tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ilitoa ripoti mwaka 1971 ikisema hapana pingamizi kwa mtumishi wa umma kumiliki mali na kufanya biashara, mradi pawe na tahadhari. Tahadhari zilisahaulika, ruhusa ikabaki. Fisi tulimkabidhi bucha kwa maandishi.

Mzee Mhasibu, kuhusu jina lililo juu ya akaunti, mtazame Samuel Gichuru, aliyeliongoza shirika letu la umeme kuanzia 1984 hadi 2003. Kampuni za kigeni zilizopata kandarasi za shirika hilo zilikuwa zikilipa fedha kwa Windward Trading, kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa cha Jersey, na mwenye Windward alikuwa yeye. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilikiri makosa ya utakatishaji fedha mbele ya mahakama ya Jersey na zaidi ya pauni milioni 3 zikataifishwa. Ombi la kumpeleka Gichuru mwenyewe huko, lililotolewa mwaka 2011, lilikwama katika mabishano ya kama mwenye mamlaka ya kulishughulikia ni Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kampuni ilikiri, binadamu aliyeimiliki hakusimama kizimbani kule.

Sheria yetu mpya ya Mgongano wa Maslahi ilitiwa saini Julai 2025. Nitaisifu nitakapoona afisa mkubwa akipoteza zabuni kwa ajili yake.

Msomaji wa Tukuyu

Nawashukuru nyote. Wakili, nina swali moja la mwisho: mtu kama mimi, asiye na ofisi wala cheo, anaweza kuanzia wapi anaposhuku kwamba kampuni iliyopewa kazi ni ya kiongozi?

Wakili wa Upanga

Anza BRELA, wakala wa Serikali wa kusajili kampuni. Kwa ada ndogo utapata taarifa za kampuni: wanahisa, wakurugenzi, tarehe ya kusajiliwa. Linganisha tarehe hiyo na tarehe ya zabuni, kwa sababu kampuni iliyozaliwa miezi michache kabla ya mkataba mkubwa inastahili kuulizwa. Ukikuta mwanahisa ni kampuni nyingine, ifuate na hiyo, kwa kuwa ndivyo ANBEN ilivyokaa ndani ya Tanpower. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 kampuni zinatakiwa pia kuwasilisha majina ya wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika nazo hasa hata kama majina yao hayamo kwenye hisa, ingawa daftari hilo limefunguliwa kwa vyombo vya dola na si kwako. Kwa hiyo ukifika ukutani, peleka ulichonacho TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na Sekretarieti ya Maadili kwa maandishi, andika unachokijua peke yake, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.