Magoblini 12 wamekula kikao kizima: nimechoka na hizi kanuni za maadui dhaifu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi.

Kikao chetu kilichopita cha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, toleo la tano la 2014, kimeishia kwa magoblini 12, vijitu waovu wa hadithi. Hakukuwa na joka wala jemadari wa wafu, ni magoblini wa pointi 7 za uhai, ambao kundi letu la wahusika wa ngazi ya tano lilitakiwa kuwafagia na kusonga mbele. Tumeagana hata lango la ngome hatujaligusa.

Hebu fuateni hesabu. Goblini ana kinga 15, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ndipo limpate. Mpiganaji wangu anajumlisha 7 kwenye dadu ya nyuso 20, basi nikipata 8 kwenda juu nimempata. Halafu upanga: dadu ya nyuso 8, jumlisha 4. Ikiangukia 1 au 2 ninamtoa 5 au 6, na goblini bado kasimama. Robo ya mapigo yangu yaliyompata hayamuui! Msimamizi, yule anayeendesha mchezo na maadui wote, inabidi aandike: wa tatu kabakiwa na 2, wa saba na 1, wa tisa mzima. Karatasi nzima ya viumbe ambao hata majina hawana.

Zamu yao ikifika ndiyo mateso. Mwenzetu wa mbele ana deraya kamili na ngao, kinga 20. Goblini anajumlisha 4, kwa hiyo anahitaji 16. Msimamizi anarusha dadu moja moja, mara 12, sisi tumekodoa macho, na kwa wastani yanapatikana mapigo matatu. Raundi inayofuata tunaanza upya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa imo kwenye kitabu chenyewe. Mwongozo wa msimamizi wa 2014 una jedwali la mashambulizi ya umati: adui akihitaji 15 au 16, kila washambuliaji wanne wanahesabiwa pigo moja. 12 kwa 4 ni 3. Kila pigo madhara ya wastani 5, jumla 15, zamu imekwisha bila dadu kuguswa. Ni yale yale matatu! Nilimfungulia msimamizi ukurasa, akasema itaua msisimko. Msisimko gani, wakati mmoja wetu alisinzia akisubiri zamu yake?

Lakini simlaumu peke yake. Toleo hili limepangwa makusudi ili adui dhaifu aendelee kuwa tishio akija na wenzake wengi, na hilo nalipenda sana. Sasa mbona njia ya kuwaendesha hao wengi ikafichwa ndani kama kanuni ya ziada, badala ya kuwekwa mbele kabisa?

Na si kwamba mchezo huu haukuwahi kulijua tatizo. Mwaka 1978 mpiganaji alipewa shambulio moja kwa kila ngazi yake dhidi ya viumbe dhaifu kabisa, ambao uhai wao haufikishi dadu moja kamili ya nyuso 8, na goblini alikuwa mmojawapo. Ngazi ya tano, mashambulizi matano! Toleo la msingi la 1981 lilikuwa na kipimo cha moyo: akifa wa kwanza, na tena nusu yao wakianguka, unarusha dadu mbili za nyuso 6, ukizidi kipimo chao wanakimbia au wanasalimu amri. Kipimo cha goblini ni 7. Pambano linaisha maadui wakiwa hai, jambo ambalo mezani kwetu sijaliona hata mara moja.

Toleo la nne, 2008, likaleta vibaraka, yaani maadui wa pointi 1 tu ya uhai. Wapo walioona ni kama kupigana na mapovu, na kidogo nawaelewa. Ndiyo maana mimi nasimama na 13th Age ya 2013, mchezo mwingine wa aina hii: kundi la dhaifu linahesabiwa uhai kwa pamoja, pigo kubwa likimmaliza mmoja, madhara yaliyobaki yanahamia kwa jirani yake. Kwa magoblini hawa wa pointi 7, pigo la 20 linaua wawili na wa tatu anabaki na 1. Namba moja tu ya kuandika kwa kundi zima!

Niambieni, meza zenu mnafanyaje? Na tafadhali asije mtu kuniambia tupunguze idadi. Nataka kuzingirwa, nataka ukumbi umejaa magoblini mpaka mlangoni, na nataka tufike lango la ngome usiku huo huo.