Tatuu ya rangi: leza itaifuta mbele ya ndoa?

Mwana Katuba: Bandugu, naomba ushauri. Nina tatuu chini ya kiwiko, ukubwa wa kiganja. Nataka kuifuta kwa leza mbele ya ndoa, mwezi wa 8. Vipindi vingapi? Usingizi umeniisha.

Yaya Kamalondo: Mdogo wangu, mwili si ukuta wa kuandikwa. Ungeuliza wazee kwanza.

Fundi Leza: Yaya, mahubiri hayatoi wino. Ndugu, ni rangi gani? Leza haikwangui ngozi: inapiga wino kwa mwanga wa kufumba na kufumbua, wino unapasuka vipande, mwili unaviondoa pole pole. Wino usiomeza mwanga huo haupasuki. Mweusi unameza karibu kila mwanga, ndiyo maana hutoka kirahisi.

Mwana Katuba: Mweusi ni mistari tu. Ndani kuna ua jekundu na majani ya kijani. Ila saluni wana mashine ya 1064 na 532, na nimeshatoa avansi.

Mama Kampemba: Mwanangu, namba hizo ni nanomita za mwanga. 1064 ni ya mweusi, 532 ya nyekundu. Kijani kinataka 694 ya leza ya rubi au 755 ya leza ya aleksandraiti, kwa hiyo majani yatabaki. Halafu ngozi zetu: melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo inameza 532, 694 na 755. Nguvu ikizidi, unapata malengelenge, kisha madoa meupe yanayokaa. 1064 ndiyo salama zaidi kwetu. Kipindi hadi kipindi ni wiki 6 mpaka 8. Mwezi wa 8 usahau. Na nyekundu ikiwa inawasha au imevimba, isipigwe: mzio unaweza kuenea mwili mzima.

Fundi Leza: Hakuna nyeupe, waridi au rangi ya ngozi?

Mwana Katuba: Ipo kidogo. Kulikuwa na jina, likafichwa kwa wino wa rangi ya ngozi. Lakini jina ndilo nataka litoke la kwanza, na saluni wamekubali.

Fundi Leza: Hilo ungelisema mwanzo! Wino huo mara nyingi una oksidi ya chuma na dioksidi ya titani. Leza ikiugusa unaweza kugeuka mweusi papo hapo, na weusi huo pengine usitoke.

Njia ya Kasumbalesa: Mimi siamini. Anajua namba za mashine lakini rangi za mkono wake anazitoa kwa kuvutwa? Huyu ni mwenye saluni, anatafuta masomo ya bure.

Mama Kampemba: Akiwa mwenye saluni, ndiyo sababu zaidi ya kumwambia. Piga nukta moja ya milimita 3 juu ya wino wenyewe wa rangi ya ngozi, kwenye ukingo wake, nguvu ndogo. Weupe unaotokea mara tu leza inapopiga ukiisha, angalia kama pamegeuka peusi. Kisha ngoja wiki 6 uone doa au kovu. Wote wavae miwani ya kinga ya namba ileile ya mwanga. Asiyetaka jaribio hilo asiguse mkono wa mtu.

Mwana Katuba: Sina saluni. Namba nimezisoma kwenye risiti. Avansi hairudishwi, ndiyo maana nilitaka waanze tu.

Fundi Leza: Basi waambie avansi ilipie nukta hiyo na mistari myeusi kwa 1064. Siku ya ndoa vaa mikono mirefu.