Mrejesho: mafuta ya uso ya jeli yamekubali

Wakuu, niliuliza nifanyeje mafuta ya alizeti na ubuyu yashike kama jeli bila kugeuka marhamu. Wengi mlisema nta ya nyuki. Aliyetaja silika ndiye aliyenitoa.

Nta inashika, ila kwa joto hili la Dar ukiipunguza mafuta yanabaki majimaji, ukiizidisha inakuwa dawa ya kuchua. Zanthamu (xanthan gum, unga wa kuzitisha vyakula na vipodozi) haikufua dafu: inahitaji maji ili ivimbe, na kwenye mafuta matupu inazama tu chini ya kopo.

Silika yenyewe (fumed silica) ni unga mweupe mwepesi mno. Kwa gramu 100: alizeti 64, ubuyu 30, silika 5.5, vitamini E 0.5. Huchemshi kitu. Unanyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga, unamalizia na mashine ya mkono, unaacha usiku kucha viputo vitoke. Chembe zake hushikana zikawa wavu unaobana mafuta, ndiyo maana hata saa nane mchana jeli haiyeyuki. Vaeni barakoa, jamani! Unga ule unapeperuka kwa pumzi tu, na mapafu hayautaki.

Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, haiui bakteria, kwa hiyo chota kwa kijiko kikavu.

Kasoro ni moja: ikishakolea inaacha ngozi na ukavu fulani. Dada kaupenda, mimi bado. Nataka kujaribu njia nyingine ya kushikisha mafuta, esta za sukari (sucrose esters) pamoja na glisirini, ila esta hizo Kariakoo nimezikosa. Mwenye kumjua anayepima rejareja aseme.