Baba wa miaka 74 anapotewa na hesabu: je, ni damu isiyofika ubongoni?

Mwana wa Mwalimu (Kadutu, Bukavu)

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu baba yangu, mwalimu mstaafu. Mabadiliko yake hayakuja polepole, bali kwa vishindo. Asubuhi moja alishindwa kuhesabu pesa aliyorudishiwa dukani, jambo lililotustua kwa kuwa hesabu ndiyo aliyoifundisha maisha yake yote. Akakaa hivyo miezi miwili bila kuzidi, kisha akashuka tena kwa ghafla, na sasa anatembea kwa hatua fupi kana kwamba nyayo zimenata sakafuni. Majina yetu anayakumbuka vizuri. Kinachomshinda ni kupanga jambo na kulifikisha mwisho.

Duka moja la dawa lilituuzia sinarizini, tukaambiwa kwamba inafungua mishipa ya kichwa, naye ameimeza kwa miezi minne. Kaka yangu mkubwa anasema ni uzee tu. Shangazi wa Bagira anasema amerogwa. Fedha tulizo nazo zinatosha jambo moja kwa sasa: ama skana ya kichwa, ama daktari pamoja na vipimo vya damu. Tuanze na lipi?

Mama Neema (Ibanda)

Pole sana, mwanangu. Je, tansiyo yake, yaani shinikizo la damu, mmeipima? Hukuitaja popote.

Muuguzi Mstaafu

Swali la Mama Neema ndilo la kwanza. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala la kujiwekea akiba. Ndiyo maana mtiririko wa damu ukipungua kwa muda mrefu, sehemu za ndani kabisa, zinazolishwa na vimishipa vyembamba sana, ndizo zinazoumia mapema. Shinikizo la damu lisilotibiwa huvifanya vimishipa hivyo kuwa vinene na vigumu, na baadhi huziba kabisa bila mgonjwa kuhisi lolote. Kushuka kwa ngazi unakokueleza, uzito wa kupanga mambo huku majina yakibaki, na mwendo wa hatua fupi, vyote vinafanana na ugonjwa huo wa mishipa, ingawa mimi siwezi kuuthibitisha kwa maandishi tu.

Kuhusu sinarizini nitasema wazi, kwa sababu nimeona wazee wengi wakiimezeshwa kama peremende. Ni dawa ya kizunguzungu. Haijathibitishwa kwamba inarudisha kumbukumbu, na kwa wazee, ikitumiwa kwa muda mrefu, inaweza kuleta kukakamaa kwa misuli, kutetemeka na mwendo mzito unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Mweleze daktari tarehe mliyoianza, alinganishe na siku hatua zilipofupika.

Kwa hiyo mimi ningeanza na daktari na vipimo: shinikizo, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo na, ikiwezekana, vitamini B12. Skana ningeitanguliza ikiwa aliwahi kuanguka na kujigonga kichwa katika majuma ya karibuni, kwa maana damu inaweza kukusanyika taratibu chini ya fuvu, na hiyo hutibika. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kijana wa Nguba

Nilisoma kwamba shinikizo likishushwa chini ya 120 akili hulindwa. Mpeni dawa kali mara moja.

Muuguzi Mstaafu

Taratibu, kijana. Utafiti huo ulitolewa Marekani mwaka 2019, ukihusisha watu zaidi ya 9,000 wenye miaka 50 na kuendelea, na ni kweli kwamba kati ya waliolenga namba ya juu iliyo chini ya 120, wachache zaidi walipata upungufu wa akili wa kiwango kidogo. Lakini kwa ugonjwa kamili wa kupoteza akili tofauti haikuwa ya hakika, na waliowahi kupata kiharusi au wenye kisukari hawakuchukuliwa. Mzee ambaye mishipa yake imezoea shinikizo kubwa, ukimshusha kwa siku mbili, huenda damu ikapungua zaidi kule kule tunakotaka ifike. Apimwe akiwa ameketi, kisha baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu.

Mama Neema (Ibanda)

Nami niliyemuuguza mume wangu nasema hivi: punguzeni chumvi ya makayabu, yaani samaki wa chumvi, mtembezeni asubuhi kabla jua halijawa kali, lakini katika sehemu tambarare, maana miteremko ya mji wetu huu haimfai mtu anayeyumba. Kama anavuta sigara, aache. Halafu chunguzeni masikio yake. Mume wangu tulidhani amesahau kila tunachomwambia, kumbe nusu yake hakuisikia.

Mwana wa Mwalimu (Kadutu, Bukavu)

Nawashukuru. Leo kituo cha afya kimempima: 178 kwa 96 akiwa ameketi, na 152 kwa 88 baada ya kusimama dakika moja, akalalamika kwamba macho yanaingia giza. Hajawahi kuanguka. Nimeziandika namba zote katika daftari lake la zamani la darasani pamoja na tarehe ya sinarizini, na kesho kutwa tunamwona daktari. Shangazi amekubali kusubiri majibu kabla ya kumwita mwombaji wake. Makayabu, hata hivyo, amekataa katakata kuyaacha, naye ndiye anayepika.

Muuguzi Mstaafu

Basi ayaloweke usiku kucha na kumwaga maji mara mbili. Na kushuka huko kwa 26 anaposimama, mtajieni daktari kabla hajaandika dawa yoyote.