Meza ya kunyanyua inashuka yenyewe nikizima umeme, shida ni skrubu au mota?

fundi_chuma: Wakuu habari, nimeunda kimeza cha kupandisha mzigo wa kama kilo 15, kinatumia skrubu ya milimita 8 na nati ya shaba, ikizunguka raundi moja nati inapanda milimita 8. Umeme ukiwepo kiko fresh kabisa ila nikizima tu kinaanza kuteleza chini taratibu mpaka kinagota. Kuna jamaa kaniambia nifute grisi kitakamata, mwingine anasema ninunue mota kubwa. Nimsikilize nani?

nyuzi_nne: Usimsikilize yeyote hapo 😂 Mota kubwa umeme ukikata nayo inaachia tu. Shida ni mteremko wa nyuzi. Chukua umbali wa raundi moja gawa kwa mzunguko wa skrubu katikati ya meno, yako ni 8 gawa kwa (3.14 × 7), unapata 0.36. Sasa msuguano wa chuma na shaba yenye grisi ni kama 0.1 mpaka 0.15, yaani mteremko umeuzidi msuguano mbali sana, lazima mzigo uizungushe skrubu kinyumenyume. Hiyo ina nyuzi nne zinazokwenda sambamba, tafuta ya uzi mmoja, raundi moja milimita 2. Spidi itashuka mara nne lakini.

fundi_chuma: Kwa hiyo nikiweka ya milimita 2 nimemaliza, naweza kuingia chini yake nikafunga vitu?

mama_lathe: HAPANA mdogo wangu. Piga hesabu ileile uone, inakuja 0.09, na grisi nzuri inakupa 0.1, hapo umebakiwa na nini? Halafu mashine ikitikisika msuguano unashuka zaidi, skrubu iliyokaa kimya wiki nzima inaanza kutambaa. Kufuta grisi ndo usithubutu, meno ya nati yanalika na yakiisha mzigo unakuja wote kwa mpigo. Jaribu hivi, weka mzigo, zima umeme, chora mstari wa maka pen kwenye skrubu na fremu, gongagonga fremu kwa nyundo ya mbao, mstari ukihama hata kidogo hiyo haishiki.

Weka breki ya springi, ile umeme ndo unaiachia na ukikatika inabana, na ifungwe kwenye skrubu yenyewe sio kwenye mota, maana mkanda ukikatika breki ya kwenye mota haina kazi. Na nati ya pili chini ya ile kubwa, isibebe kitu, uache gepu dogo kati yake na nati kuu ulipime kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), nati kuu ikilika gepu linapungua unajua mapema. Kuingia chini ni mpaka uweke stendi za chuma.

nyuzi_nne: Mama kamaliza. Naongezea tu, usije ukashawishika na skrubu ya gololi (nati yake ina gololi zinazoviringika ndani) kisa ni laini, ile ufanisi wake kama asilimia 90, na skrubu inayojishika yenyewe, yaani isiyozungushwa kinyume na mzigo, huwa haifiki hata 50. Ya gololi bila breki inashuka kama haina nati.

fundi_chuma: Poa wakuu, breki ya volti 24 itakubali kwenye pawa saplai ileile ya mota?

mama_lathe: Itakubali kama saplai ni ya 24 na ampea zinatosha, ila weka dayodi (kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye koili ya breki isije ikaunguza swichi.