Umri wa kunywa: 18 au 21?

Kiti cha Tatu: Kenya mwaka 2025 ilitoa sera inayopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21. Kwangu ni karatasi tu. Wa miaka 16 amekatazwa tangu zamani na ananunua. Tusiwatie watu hofu. Kijana akizidiwa, mpe maziwa, mwache alale, ataamka na maumivu ya kichwa.

Nesi wa Zamu: Ya 21 nawaachia wenyewe. Hilo la "mwache alale" ndilo linaloua. Mtu akishazima, pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo nusu saa baadaye anaweza kuwa na hali mbaya zaidi. Mlaze ubavu, goti la juu ulikunje mbele, mdomo uinamie chini kidogo matapishi yatoke. Akilala chali yanaingia mapafuni. Kisha hesabu pumzi dakika nzima. Zikiwa chini ya nane, au pengo kati ya pumzi na pumzi likizidi sekunde 10, au midomo imekuwa ya buluu, au umemfinya hashtuki, huyo ni wa hospitali.

Chumvi Kavu: Maziwa yanasaidia, acha kubisha. Watu wote wanakunywa kabla ya kwenda baa.

Nesi wa Zamu: Kabla, ndugu yangu. Chakula tumboni kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, hakimwamshi aliyezima. Aliyezima hatiwi kitu mdomoni: si maziwa, si kahawa, si maji ya chumvi ya kumtapisha. Na maji baridi ya kumwagiwa yanamshusha joto ambalo tayari linashuka.

Penseli: Wanaosema "alikunywa kota moja tu", ile chupa ndogo ya pombe kali, wapige hesabu. Bia ya nusu lita, asilimia 5, ina mililita 25 za pombe tupu. Kota ya mililita 250, asilimia 40, ina 100. Hizo ni bia nne, na mtoto wa kilo 45 anazimaliza dakika kumi akizichanganya na soda. Ini linaondoa gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa, na kota ina karibu gramu 80.

Chumvi Kavu: Bia nne? Bia ya wapi? Huyu hajawahi kuingia hata baa.

Penseli: Ukipenda kopo la 330, inakuwa sita. Umejiongezea mwenyewe.

Mtu wa Temeke: Wakenya mnahesabu miaka! Sisi Tanzania tulipiga marufuku viroba, pombe kali ya pakiti ndogo, Machi 2017. Pakiti inaingia mfukoni mwa sare ya shule, sheria ya umri ingeionaje?

Kiti cha Tatu: Na vijana wenu wakaacha kunywa?

Mtu wa Temeke: Sijasema hivyo. Nasema chupa inahitaji watu wachange, na wakichanga wanaonekana. Wewe umekuja na maziwa, nyamaza kwanza.

Chumvi Kavu: Wakikosa wanaenda kwenye pombe ya magendo. Hapo ndipo wanapokutana na methanoli, pombe ya sumu.

Nesi wa Zamu: Kweli, na methanoli inachelewa. Kijana anaonekana amepata nafuu, kisha saa 12 hadi 24 baadaye anaona ukungu na kupumua haraka. Msiseme ni hangova. Na anayechanganya pombe na bugizi, vile vidonge vya usingizi, au dawa ya kikohozi yenye kodeini, kota nusu inaweza kutosha kumzimisha pumzi.

Kiti cha Tatu: Wenzake wanamtoroka kwa kuogopa polisi. Sheria ya 21 itawafanya watoroke zaidi.

Penseli: Hiyo ndiyo hoja ungeanza nayo.

Chumvi Kavu: Basi wampakie boda haraka, nani ataulizwa?

Nesi wa Zamu: Boda hapana! Aliyezima akibanwa katikati kichwa kinaangukia kifua na njia ya hewa inafunga. Kenya piga 1199, Msalaba Mwekundu. Gari likichelewa, tuktuk: alale ubavu kiti cha nyuma, mmoja amshike kichwa na kuinua kidevu, mwingine abebe chupa waliyokunywa. Daktari ataiomba.

Chumvi Kavu: Kama chupa haina lebo?

Nesi wa Zamu: Hiyo ndiyo ibebeni kabla ya zote.