Sanamu ya Askari: na mpagazi asimamishwe?

Wadau, jana nilipita Mtaa wa Samora, Dar, na mwanangu. Akauliza yule askari wa shaba anamlenga nani na singe lake. Nikamwambia sanamu ipo tangu 1927, ni ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Akauliza tena: wote walikuwa na bunduki?

Walio wengi walikuwa na mzigo kichwani. Mbung'o walimaliza punda na ng'ombe wa kukokota, barabara za maana hazikuwepo, kwa hiyo risasi na unga vilifika vitani juu ya vichwa vya watu. Upande wa Mwingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, midomo ya Dar ikaligeuza Kariakoo. Tunakwenda kununua vitenge kwenye jina la marehemu na wala hatujui.

Maandishi chini ya sanamu yanawataja, tena yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Ila nani atasimama kusoma pale, bodaboda zinampigia honi? Nairobi mpagazi kasimamishwa juu pamoja na askari. Kwetu juu yuko askari tu. Mimi nasema aongezwe.

WA ILALA: Mkuu, sikubali. Wengi wa hao walikamatwa vijijini kwa nguvu, wakaswagwa kwenye ugomvi wa Mjerumani na Mwingereza. Huo ni utumwa, ushujaa uko wapi? Sanamu lote lipelekwe makumbusho, pale wawekwe wapiganaji wetu wa Vita vya Kagera, waliopigana na Idi Amin.

MLETA MADA: Kulazimishwa ni kweli. Lakini walikuwemo waliobeba bombomu na risasi zake mpaka kwenye mapigano, wenyewe mikono mitupu. Mwenye bunduki ana cha kujitetea. Huyu ana nini?

WA TEMEKE: Hata hiyo Kagera, 1978 mgambo waliitwa wakaenda. Watu wanawachukulia poa hao mgambo, wanaona ni wa kukimbizana na wamachinga tu. Kwa hiyo Ilala, ukimkataa mpagazi kwa sababu si askari kamili, mgambo utamweka wapi?

WA ILALA: Sijasema si askari kamili. Nimesema vita haikuwa yake.

WA TEMEKE: Haya. Akisimamishwa, kichwani abebe nini? Sanduku la risasi?

MLETA MADA: Gunia la unga. Risasi haifyatuliwi na mwenye njaa.